Kigoda cha Kuchekea

Mama yetu hakuwa mtu wa kucheka amesimama. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Mtu akianza kusimulia jambo la kuchekesha, Mama alitafuta kwanza mahali pa kukaa: jiwe, gogo, ukingo wa kitanda, hata debe lililopinduliwa. Akishakaa na kubana kanga yake katikati ya magoti, ndipo anaachia, na akiachia, upande wote wa kwetu Sengerema unajua kwamba Minza amechekeshwa. Kazi yangu nikiwa mtoto ilikuwa kuwahi na kigoda. Mjomba akionekana njiani na ulevi wake wenye maneno, mimi nishakimbilia kigoda. Watu walisema ile ni heshima ya mwanamke aliyelelewa vizuri, hacheki ovyo njiani. Na mimi nilisema hivyo hivyo, nikajivunia, mpaka mwaka ule wa tisini na nane Mama alipovuka ziwa kuja Mwanza kumlea mzazi.

Mzazi mwenyewe alikuwa wifi yangu Odeta, mke wa mdogo wangu Mayala. Kwetu Usukumani Mayala maana yake ni njaa, na jina hilo hakupewa kwa mzaha. Alizaliwa mwaka wa sabini na nne, mvua ziligoma, nchi nzima ikala mahindi ya njano ya msaada, yale watu waliyoyaita yanga. Sasa umwone huyo Njaa mwenyewe alivyo ukubwani: mlango wa nyumba ya kupanga anaingilia ubavu. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi kilipopunguza watu, hakukaa kulia. Alitafuta televisheni na deki, akafungua kibanda cha video chini barabarani, na vijana wakawa wanajazana humo kuangalia Wachina wakirushiana mateke.

Odeta ni Mkerewe, mpole wa sauti lakini mgumu wa kichwa. Anayedhani upole wake ni unyonge, shauri yake. Mama yake alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mtoto wa kwanza alipokaribia hapakuwa na wa kuitwa ila Mama yetu.

Tuliishi juu ya mawe ya Igogo, nyumba moja ya vyumba viwili, wao kimoja na mimi kimoja na cherehani yangu. Anayeijua Mwanza anajua nyumba zile zilivyobandikwa juu ya majabali. Kule hakuna ngazi wala barabara. Maji, mkaa, kitanda, mgonjwa, vyote vinapanda na kushuka kwa miguu ya mtu. Mtoto naye hupanda na kushuka mgongoni mwa mama yake, maana mikono yote miwili unaihitaji kushikia mawe. Mwanamke asiyeweza kubeba mtoto mgongoni, juu kule ni mfungwa.

Na Odeta hakuweza. Mtoto alikuwa mkubwa, akakataa kutoka kutwa nzima na usiku wake. Alipotoka, mzima na mwenye hasira, mama yake alibaki kama gunia lililofumuka mshono. Tumbo lilikuwa limeachana katikati, ukiligusa vidole vinazama, na kiuno hakikuwa na nguvu hata ya ndoo ndogo. Mkunga alimwambia hayo hutokea, alale, ale, na arobaini ikipita aanze mazoezi ya tumbo na kiuno taratibu. Mazoezi gani, hakueleza, maana wengine walikuwa wanasubiri nyuma yake.

Mama alifika na jogoo wawili, chupa ya samli, ulezi, na gunia la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumfukuza Mayala chumbani kwake. Mdogo wangu akahamishiwa kwangu, akawa analala nyuma ya cherehani huku miguu imetokeza mlangoni. Kitu cha pili ni kumpokea mtoto, kumtazama sana, na kumpa jina la marehemu baba yetu, Nkwabi. Tangu dakika ile hakumwita jina jingine ila "mume wangu". Asubuhi utamsikia, "Mume wangu ameamkaje? Huyu mke mwenzangu amekunyonyesha vizuri?" Na Odeta anajibu kwa ile sauti yake ndogo, "Amenyonya, mke mwenzangu, mpaka amekusahau." Walipendana, wale wawili. Nasema mapema, ili yaliyofuata yasikupotoshe.

Kuhusu uzazi Mama alikuwa na imani moja tu: mzazi atoke ndani akiwa amenona, la sivyo aliyemlea aone haya. Alimfunga tumbo kwa kanga, akamkanda kwa maji ya moto, kisha akaanza kumlisha. Uji wa ulezi wenye samli kabla jua halijachomoza. Supu ya sato. Michembe na maziwa. Jogoo wa kwanza, halafu wa pili. Siku moja nilileta mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani wakishachukua minofu yao ya kupeleka Ulaya. Tulikuwa tunakula, mji mzima ulikuwa unakula. Mama aliitazama sufuria kama nimempikia viatu.

"Mzazi hali mifupa, Teodora. Mifupa kala mama yako."

Arobaini ilipopita, Odeta alitaka kumbeba mwanawe. Aliinama, akamweka mgongoni, akavuta mbeleko, na alipojaribu kujinyoosha kiuno kikamsaliti. Mtoto akateleza ubavuni. Mama, aliyekuwa anachambua dagaa hatua mbili kutoka hapo, alimdaka kwa kumshika mguu akiwa bado hewani. Nkwabi mwenyewe alipiga mwayo. Mama akamfunga mgongoni kwake, akaendelea na dagaa wake.

Jioni ile Odeta alinifuata kwenye cherehani akiwa na macho mekundu. "Wifi, kama siwezi kumbeba mwanangu, mimi si mama. Mimi ni ng'ombe wa maziwa tu."

Nilimwambia asiseme upuuzi. Mimi nikihurumia huwa nakaripia, ndivyo nilivyoumbwa.

Mama naye alikuwa amekwisha kukata shauri, akatutangazia tukiwa tunakula. Ubatizo wa mtoto ulikuwa umepangwa Jumapili moja ya mwezi wa sita. Baada ya hapo pamba ingemngojea shambani, asingeweza kukaa zaidi. "Basi tutavuka wote, mimi na mke mwenzangu na mume wangu. Kwetu ni tambarare. Watakaa mpaka mtoto atembee mwenyewe."

"Na mimi, Mama?" aliuliza Mayala.

"Wewe una Wachina wako."

Mtoto atembee! Huo ulikuwa mwaka mzima, mke upande ule wa ziwa na mume upande huu. Mayala aliacha ugali. Odeta nilimwona anakunja ile ncha ya kanga yake na kuikunjua, kuikunja na kuikunjua.

Wiki ile ile Yassin, mfanyabiashara aliyekuwa akimletea Mayala kanda kutoka Nairobi, alileta kasha jipya. Mayala akachomeka kanda mojawapo bila kuitazama vizuri, kibanda kimejaa. Akatokea Mzungu, mwanamke mwembamba, amelala chali juu ya mkeka, anainua miguu polepole na kuishusha. Vijana wakangoja aamke apigane. Akageuka ubavu, akainua mguu mmoja. Wakangoja. Akalala tena chali, akainua kiuno, akapumua. Robo saa nzima walivumilia, wakidhani ndivyo mabingwa wanavyojiandaa, halafu wakaanza kudai haki yao kwa kelele, na Mayala akaitoa ile kanda huku jasho linamtoka.

Lakini hakuirudisha kwa Yassin. Juu ya kasha la kanda hiyo palikuwa na picha nyingine ya yule Mzungu, na safari hii amepakata mtoto mchanga.

Juu kwetu hapakuwa na umeme. Wala Odeta asingeweza kushuka kibandani, ndio shida yenyewe. Basi Mayala akawa anaamka, anashuka, anajifungia kibandani kabla ya wateja, anaiangalia ile kanda, anajaribu mwenyewe juu ya sakafu ya saruji, halafu anapanda mawe kuja kumfundisha mkewe kabla hajasahau. Njaa na kitambi chake! Kiingereza chake kilikuwa cha kuuzia tiketi, kwa hiyo alichukua kwa macho tu, na pale Mzungu alipoongea, Mayala aliweka maneno yake mwenyewe. "Hapo anasema usibane pumzi." Pengine alisema kitu kingine kabisa.

Walichagua saa ambayo Mama anashuka ziwani kununua samaki wabichi. Mimi nikawa mlinzi. Nilikaa na cherehani yangu mlangoni, Nkwabi mgongoni, macho kwenye njia ya mbele. Ndani Odeta alivaa suruali ya mitumba ya michezo, na juu yake akajifunga kanga, maana Mama angeiona suruali ile tungezika mtu. Mkeka ulikuwa wake wa ukindu, aliotoka nao Ukerewe siku ya harusi.

Mwanzo hakuweza kuinua hata kichwa. Alilala pale akitetemeka na machozi yakimwingia masikioni, na Mayala kando yake, naye analala, anamwonyesha, "Hivi, mama Nkwabi, kidogo tu, kama unachungulia jirani." Nilisikia yote kupitia pazia. Nikaona haya kwa mara ya kwanza maishani kwamba sijaolewa tena, maana kumbe kuna wanaume wa namna ile.

Taratibu akaanza kuweza. Kichwa, halafu mabega, halafu kiuno.

Siku ya kukamatwa, upepo ulikuwa mbaya ziwani na mitumbwi haikuwa na kitu. Mama akageuka mapema, na kwa kuwa hakuwa na mzigo akapita njia ya nyuma, ile yenye mawe makali, inayotokea uwani kwa jirani yetu Bimdogo. Dirisha la chumba cha Odeta linatazama huko. Naye anasikia nini? Sauti ya mwanawe, ya chini, yenye kubembeleza: "Taratibu. Pumua. Inua, inua, hapo hapo, shikilia." Na sauti ya mkwewe ikihema.

Sasa kwetu, na nadhani kwa Watanzania wengi, mama anayenyonyesha haguswi. Wazazi wakishindwa kuvumilia, mtoto hubemendwa: hulegea, huharisha, hakui. Ukweli wake waulizwe waganga. Mimi nasema tu kwamba Mama aliuamini kuliko Injili. Nilishtukia tu Nkwabi anachomolewa mgongoni kwangu. Mama alimfunika kanga mpaka usoni kama anamkinga na moshi, akasimama katikati ya uwanja, akapaza sauti ambayo nadhani hata kule Kamanga ng'ambo waliisikia.

"Mayala! Toka humo! Mtoto hata shingo haijakaza, mnataka kunibemendea mume wangu!"

Bimdogo akatoka kwake na mwiko mkononi. Vichwa vikatokeza kila jabali. Pazia likafunguka, Mayala akatoka na fulana iliyolowa jasho, jambo ambalo halikumsaidia hata kidogo.

"Mama, ni mazoezi."

"Mazoezi! Gashi, kumbe siku hizi yanaitwa mazoezi?"

Mimi, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikaukumbatia mkono wa cherehani. Mayala akaona maneno hayatamwokoa. Akaenda ndani, akaleta mkeka, akautandika pale pale hadharani, akalala chali na kunyanyua miguu yake miwili minene juu, akaihesabia, huku kitambi kinatikisika kama uji uliopoa. Bimdogo akajifunika uso kwa ushungi. Nikamwona Mama midomo inamcheza. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akarudi nyuma upesi na kukaa juu ya jiwe, kanga imebanwa magotini, na nikajua kicheko kimemshika. Lakini alipokwisha kukaa vizuri, ilikuwa hasira iliyotoka.

"Mwanamke aliyezaa halali chali anarusha miguu. Analala anakula. Nani kakwambia uzazi ni mchezo wa mpira? Mimi nimemnonesha huyu, nyinyi mnamkausha!" Akaelekeza kidole ziwani. "Ubatizo ukiisha, tunavuka."

Hapo ndipo Odeta alipotoka ndani. Akaja mbele ya Mama, akapiga magoti kama mkwe anavyopaswa.

"Mama, naomba neno."

"Sema."

"Jumapili ya ubatizo nimbebe mwenyewe. Kutoka hapa mpaka kanisani, mgongoni, bila mtu kunishika. Nikifika naye, uniache kwa mume wangu. Nikishindwa, navuka na sitalalamika."

Mama akamkumbatia Nkwabi. "Yaya, mayu. Utamwangusha." Ile ni lugha ya kwetu, anamkatalia na kumwita mama kwa wakati mmoja, na kwa jinsi alivyoisema ilikuwa karibu na kulia.

"Nikihisi nashindwa nitamkabidhi kwako. Utakuwa nyuma yangu."

Kisha akainuka kutoka magotini bila kushika ukuta wala goti. Mwezi uliotangulia asingeweza. Mama aliliona, kwa maana alinyamaza, na kwa Mama kunyamaza ni kukubali.

Tangu hapo mkeka ulitandikwa nje, juu ya jabali pana nyuma ya nyumba, kwa kuwa hapakuwa tena na cha kuficha. Mama aliuliza jambo hilo linaitwaje, Mayala akasoma kwenye kasha akasema kitu kama Pilato, na Mama akasema basi haishangazi kuwa ni mateso. Akakaa jikoni amewapa mgongo, akilaani ulezi na kuni.

Kilichomuudhi zaidi ni Bimdogo. Alikuja siku moja kuomba chumvi, akamwangalia Odeta, akasema, "Mzazi wenu mbona anapungua? Siku hizi mtu akipungua..." Hakumalizia. Miaka ile hakuna aliyehitaji kumaliziwa; kila jabali lilikuwa limeshazika mtu aliyeanza kwa kupungua. Nilitegemea Mama atamgeukia Odeta na kumwambia, unaona sasa? Badala yake alimgeukia Bimdogo.

"Mkwe wangu anapunguza maji ya uzazi, hapungui yeye. Njoo saa saba umwone anavyokula."

Na kweli, kuanzia siku ile Mama alimlisha Odeta nje, hadharani, kwenye kigoda kinachotazama mlango wa Bimdogo: ugali kama kichuguu, sato mzima, bakuli la maziwa. Odeta akala, maskini, mpaka macho yakamtoka, ili heshima ya mama mkwe isimame. Kisha akapumzika na kurudi kwenye mkeka. Ndivyo walivyokubaliana bila kukubaliana. Mmoja alijaza, mwingine akakaza.

Kuna jambo jingine niliona, nikalipuuza. Lilikuwapo zoezi la kulala chali umekunja magoti, unainua kiuno polepole, unashikilia, na Mayala alisema kwa aibu kwamba hapo yule Mzungu hushika chini ya kitovu, kama anaagiza kukaza ndani, kama mtu anayebana haja ndogo. Mama alikuwa anakoroga uji. Mwiko ukasimama. Ulisimama mpaka tukasikia harufu, na sote tukageuka, kwa sababu Mama tangu tumjue hakuwahi kuunguza uji.

"Moshi umeniingia machoni," alisema, ingawa upepo ulikuwa unaupeleka moshi upande wetu.

Jumapili ilifika. Usiku kulinyesha, na mawe ya Igogo yakilowa huteleza kama yamepakwa sabuni. Mayala alinong'ona kwamba labda tuahirishe. Mama alisikia, akamtazama Odeta tu. Odeta alikuwa amekwisha kuinama. Akamweka Nkwabi mgongoni, akavuta mbeleko, akaifunga kifuani, akajinyoosha, na kiuno kikanyooka pamoja naye.

Tukashuka. Mayala mbele, akageuka kila mara mpaka yeye ndiye akajikwaa. Odeta nyuma yake. Mama akifuata, halafu mimi. Nilichokiona kutoka nyuma sitakisahau: mkono wa Mama ulikuwa umenyooshwa njia nzima chini ya makalio ya mtoto, nafasi ya kiganja tu, na haukumgusa hata mara moja. Alikuwa amekubali neno la Odeta kwamba hamna mtu wa kumshika, akalitunza, na mkono wake ukamshinda.

Katikati ya njia kuna jabali tunaloliita Kaa Kwanza, kwa kuwa kila mtu hulikalia na kulishuka kwa makalio. Mwenye mtoto mgongoni hawezi kukaa. Lazima ashuke ubavu, mguu mmoja mmoja, uzito wote kiunoni. Odeta akasimama pale juu. Akakaa amesimama hivyo mpaka kengele ya kwanza ikalia chini. Nikamwona Mama anafungua midomo, nikajua anataka kusema nipe mimi, na kama angesema, Odeta angempa, na yote yangeishia hapo.

Mama akafunga midomo.

Odeta akapumua kama alivyopumua mkekani, fuu, polepole. Akashusha mguu wa kulia. Akashikilia. Akashusha wa kushoto. Nkwabi akageuza kichwa upande wa pili akaendelea kulala. Walipofika chini Mayala alikuwa analia waziwazi, mtu mzima, mbele ya waumini waliokuwa njiani. Ndipo Mama akakaa juu ya Kaa Kwanza, akajikusanya kanga, akateleza.

Hakumwambia umeshinda. Alimzunguka, akakagua fundo, akasema, "Mbeleko umeifunga juu mno." Na akaenda mbele yetu kanisani akiwa mikono mitupu, asijue aiweke wapi. Aliibeba mbele, akaiweka nyuma, mwishowe akaikunja kifuani. Mgongo ule uliokuwa na mumewe tangu mwezi wa tatu ulikuwa mtupu, na niliuonea huruma kuliko nilivyofurahi.

Kesho yake alifunga mzigo wake. Kivuko kilikuwa cha mchana. Alimtuma Mayala akatafute kamba, kamba ambayo hakuihitaji, na alipokuwa ameshatoweka, Mama akashusha pazia.

"Odeta."

"Abee, Mama."

"Lile la kuinua kiuno. Linamfaa na mtu mzima?"

"Linamfaa."

"Hata aliyezaa zamani?"

"Zamani lini, Mama?"

Mama akatazama mzigo wake. "Mwaka wa yanga."

Akatueleza akiwa ameshika fundo la mzigo, haraka haraka, kama mtu anayetapika kitu. Alipomzaa Mayala nyumbani hapakuwa na kitu, Baba alikuwa amekwenda mbali kutafuta. Habari ikaja kwamba mahindi yamefika. Asiyekwenda mwenyewe hapewi. Kitovu cha mtoto kilikuwa hakijadondoka. Alikwenda, akapanga mstari, akarudi na gunia kichwani na Mayala mgongoni, na njiani akahisi kitu ndani kimeshuka, kimeachia. Tangu siku ile mwili wake haumsikii. Akipiga chafya. Akikohoa. "Na nikicheka," alisema. "Nikicheka nimesimama, naaibika."

Nilikuwa na miaka saba mwaka wa yanga. Nakumbuka ule ugali wa njano, nakumbuka niliula wote. Miaka yote ile nilikuwa nabeba kigoda, nikijisifu kwa watu kwamba mama yangu ana heshima. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nilitaka kumkumbatia, na badala yake nikamkaripia, "Sasa Mama, miaka yote hiyo hata mimi bintiyo usiniambie?"

"Ningekwambia ungefanyaje, ng'wanawane? Ungebeba vigoda viwili?"

Odeta alishainuka. Alikuwa anatandika mkeka. Akamshika Mama mkono, akamlaza, akamkunja magoti, akapiga magoti kando yake na kuweka kiganja chini ya kiuno chake, nafasi ndogo tu, bila kugusa.

"Pumua, Mama. Usibane pumzi."

Mama alipovuka mchana ule, mkeka wa ukindu ulikuwa umeviringishwa ndani ya mzigo wake. Mayala alirudi na kamba, akauliza mkeka uko wapi, tukamwambia mambo ya wanawake hayamhusu.

Krismasi Mama alirudi. Alipanda mawe na kuku kwapani na michembe kichwani, akafika juu anahema. Nkwabi alikuwa anatambaa kwa kasi ya panya. Bimdogo alikuja kusalimia, tukakaa uwani, na Mayala, ambaye hajawahi kujua lini anyamaze, akaanza kuwasimulia wageni habari ya siku aliyokamatwa, na simulizi halikumtosha, akalala chini kwenye vumbi na suruali yake ya sikukuu, akainua miguu. Nkwabi akaona, naye akajipindua chali kando ya baba yake, akainua vimiguu vyake.

Mimi mazoea yana taabu. Nilikuwa nimeshakimbia ndani na kutoka na kigoda.

Mama alikuwa katikati ya uwanja, mbali na kila ukuta. Alitupa kichwa nyuma akacheka, mikono imeachana, kanga inapepea, akacheka mpaka Kamanga, amesimama wima. Odeta aliendelea kuchagua mchele wake bila kuinua uso, ila niliona mchele unalowa. Na mimi nilibaki mlangoni na kigoda mikononi, sina pa kukiweka.